Kengele ya Uhuru ya Philadelphia: jina ililopewa na wapinga utumwa

Hadithi ambayo watoto wa shule wa Marekani wamesimuliwa kwa vizazi inakwenda hivi. Ni tarehe 4 Julai 1776, mjini Philadelphia. Juu ya mnara wa jumba la bunge mzee mpiga kengele anangoja, mvi tele kichwani, mkono u tayari. Chini mlangoni amesimama kijana mdogo, ametega sikio. Wajumbe wanapopitisha Azimio la Uhuru, kijana anampigia mzee kelele: piga! Mzee anapiga, na mji mzima unajua kwamba taifa jipya limezaliwa.

Ni simulizi tamu, ila haikutokea. Iliandikwa na George Lippard, mtunzi wa hadithi wa hapo hapo Philadelphia, ikatoka gazetini Januari 1847, zaidi ya miaka 70 baada ya siku inayosimuliwa. Ukweli ni kwamba tarehe 4 Julai hakukuwa na tangazo lolote kwa umma. Azimio lilisomwa hadharani tarehe 8 Julai, na siku hiyo kengele za mji zililia. Huenda ya jumba la bunge ilikuwa miongoni mwao, huenda haikuwamo, maana mnara wake wa mbao ulikuwa umeoza kiasi kwamba wanahistoria wengi wanasita kuapa.

Basi kama kengele hii haikuwatangazia Wamarekani uhuru wao, imekuwaje iitwe Kengele ya Uhuru? Wengi hudhani jina lilitoka kwa waasisi wa taifa, akina Jefferson na Franklin. Halikutoka kwao. Lilitoka kwa wapinga utumwa wa miaka ya 1830, na walipolitamka hawakuwa wakiisifu kengele. Walikuwa wakiishutumu.

Kengele iliyoanza kwa kupasuka

Mwaka 1751 Pennsylvania, jimbo lenye mji wa Philadelphia, ilikuwa bado koloni la Mwingereza. Bunge lake lilikuwa limejenga jumba jipya na likataka kengele inayolingana nalo. Tarehe 1 Novemba Spika Isaac Norris alimwandikia wakala wa jimbo aliyekuwa London, Robert Charles, amtafutie kengele nzuri ya ratili kama 2,000, akamtajia na maneno ya kuandikwa juu yake. Kazi ikapewa kiwanda cha kengele cha Whitechapel, London, na kengele ikafika kwa meli mwaka uliofuata.

Wakaitundika ili wajaribu sauti. Ulimi ukagonga, kengele ikapasuka. Norris alieleza baadaye kwamba hakuna nguvu nyingine yoyote iliyotumika, ni pigo la ulimi wake mwenyewe tu. Nahodha hakuweza kuibeba kuirudisha Uingereza, ndipo wakageukiwa mafundi wawili wa mjini, John Pass, mzaliwa wa Malta, na John Stow. Hao waliivunja, wakaiyeyusha na kuisubu upya, wakiongeza wakia moja na nusu ya shaba nyekundu kwa kila ratili.

Hapa kuna somo dogo la ufundi linaloeleza yote yaliyokuja baadaye. Kengele huundwa kwa shaba nyekundu na bati. Bati ndilo huleta mlio, lakini likizidi, chuma chote huwa kikavu na chepesi kukatika kama chungu. Shaba ikizidi, kengele haipasuki upesi, ila sauti hudorora. Pass na Stow walitibu ukavu wakaua sauti. Watu waliohudhuria majaribio wakawacheka, mafundi wakaona haya, wakaiyeyusha tena. Juni 1753 wakatoa ya pili yao, ambayo kwa hesabu ya mayeyusho ni ya tatu, na ndiyo inayoonekana hadi leo. Walilipwa pauni 60 na ushei. Vipimo vya kisasa vinaonyesha ina karibu asilimia 70 ya shaba na 25 ya bati, kiasi cha bati kilicho juu kidogo kuliko inavyofaa, pamoja na chembe za risasi, zinki na hata dhahabu na fedha zilizokuwamo katika mabaki yaliyotupwa kalibuni. Yaani ugonjwa wa ukavu ulirudi pale pale.

Norris hakuridhika hata na hiyo. Aliagiza nyingine Whitechapel, ilipofika akaona haina tofauti ya maana, na jimbo likabaki na kengele mbili. Kuhusu dhamana ya ile ya kwanza, miaka ya 1970 kikundi cha wacheshi wa Kimarekani kilikwenda London kuandamana mbele ya kiwanda kikidai kwamba waliuziwa kitu kibovu. Kiwanda kikawajibu kwamba kitawabadilishia bila tatizo, mradi wairudishe katika kifungashio chake cha awali.

Mstari wa kumi, na ule wa arobaini na nne

Maneno aliyoyachagua Norris ni ya kitabu cha Walawi, sura ya 25, mstari wa 10: pigeni mbiu ya uhuru katika nchi yote, kwa watu wote wakaao humo. Aliyesoma sura hiyo anajua inazungumzia yubile, mwaka wa hamsini ambao tarumbeta ilipigwa, ardhi iliyouzwa kwa shida ikarudi kwa wenyewe, na Mwisraeli aliyejiuza kwa ndugu yake kwa sababu ya umaskini akaenda zake nyumbani na wanawe.

Kwa nini Norris aliupenda mstari huu? Hakuacha maelezo, lakini hesabu ya miaka inasema kitu. Mwaka 1751 ilikuwa imetimia miaka 50 tangu William Penn, mwasisi wa jimbo, atoe Hati ya Haki ya 1701, iliyolipa bunge madaraka makubwa na kuwahakikishia watu uhuru wa dini. Wakati huo wanawe Penn, waliorithi umiliki wa jimbo, walikuwa wakivutana na bunge juu ya kodi na mamlaka. Kwa hiyo uhuru uliokuwa kichwani mwa Norris una uwezekano mkubwa wa kuwa ule wa wabunge dhidi ya wamiliki wa jimbo, na wa kila mtu kumwabudu Mungu kwa njia yake.

Watumwa hawakuwa katika hesabu hiyo. Penn mwenyewe alimiliki watumwa. Mwendo mfupi kutoka jumba la bunge, mbele ya mgahawa ulioitwa London Coffee House, watu walinadiwa. Wafanyabiashara waliokwenda hapo kusoma magazeti na kupanga bei za ngano ndio hao hao waliokuwa wakinunua binadamu, na kwa kuwa mgahawa ulifunguliwa mwaka 1754, biashara hiyo ilifanyika huku kengele yenye mstari wa yubile ikilia juu ya paa za mji ule ule.

Tusije tukadhani Biblia ilikuwa upande mmoja tu. Ukishuka katika sura ile ile hadi mstari wa 44, unakuta ruhusa ya kununua watumwa kutoka mataifa ya jirani, na wa 46 unasema wanaweza kurithishwa watoto na kuwa watumwa daima. Yubile ilimfungua Mwebrania, mgeni alibaki. Karne moja baadaye wachungaji wa majimbo ya kusini waliotetea utumwa waliishikilia sana mistari hiyo miwili, wakati wapinzani wao wakiushika mstari wa kumi. Sura moja ya Walawi, na kila upande ulikuwa na wino wake wa kupigia mstari. Maneno "watu wote" juu ya shaba hayakuwa na maana moja iliyokubalika hata siku moja, na hicho ndicho kiini cha mkasa wote.

Kazi za kila siku

Katika miongo yake ya mwanzo kengele ilifanya kazi ya kawaida. Iliita wabunge kikaoni, ikaita watu kusikia matangazo, ikalia kwa habari za ufalme, ikalia kwa huzuni watu walipokusanyika kupinga kodi za London. Ililia mno. Mwaka 1772 wakazi wa jirani waliandika malalamiko kwa bunge kwamba wanasumbuliwa na kukoseshwa raha kwa kupigwa kwake mara kwa mara. Sijui alama nyingine ya taifa iliyowahi kushtakiwa kwa makelele na majirani zake.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kuelezwa jinsi kengele inavyoweza kuchukua mahali. Kengeleni, upande wa Kisauni, ilipata jina kutokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Ile iliita watu kanisani na, kama inavyosimuliwa, iliwaonya wakazi kila wawindaji wa watumwa walipokaribia. Tofauti ni kubwa. Kengele ya Freretown ililia kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka utumwani. Ya Philadelphia ililia miaka mingi juu ya vichwa vya watumwa bila kuwahusu.

Septemba 1777, jeshi la Mwingereza likikaribia Philadelphia, kengele za mji zilishushwa na kuhamishwa zisije zikayeyushwa kuwa mizinga. Yetu ilipakiwa kwenye gari la farasi, gari likavunjika Bethlehem, ikahamishiwa gari jingine hadi mji unaoitwa Allentown sasa, ikafichwa chini ya sakafu ya kanisa. Ilirudi mwaka 1778.

Uhuru ulipopatikana, heshima kwake haikuongezeka. Makao makuu ya jimbo yalihama mwaka 1799, na jumba lenyewe likawa mzigo. Mwaka 1816 jimbo lilikuwa tayari kuliuza pamoja na kiwanja chake. Mji wa Philadelphia ukalinunua kwa dola 70,000. Mwaka 1828 msubuji John Wilbank alipewa kazi ya kutengeneza kengele mpya, na katika mapatano alikubali kuichukua ile ya zamani kama chuma chakavu kwa thamani ya dola 400. Alipopiga hesabu ya gharama za kuikokota akaona haimlipi, akaiacha hapo hapo. Kengele inayolindwa leo kama mboni ya jicho ilinusurika kwa sababu ubebaji ulikuwa ghali.

Waliosoma maandishi

Mwaka 1835 jarida la wapinga utumwa wa New York lilichapisha maelezo mafupi juu ya kengele ya jumba la Philadelphia. Mwandishi aliyanukuu maneno ya Walawi, kisha akasema kengele haijayatii. Mlio wake, aliandika, umekuwa dhihaka, maana sehemu moja katika sita ya hao "wakaao wote" wako katika utumwa. Juu ya habari hiyo kiliwekwa kichwa kilichoiita Kengele ya Uhuru. Hilo ndilo andiko la kwanza linalojulikana kuitaja kwa jina hilo.

Angalia walichokifanya. Hawakusema kengele ni alama ya uhuru uliopatikana. Walichukua ahadi iliyoandikwa na watawala wenyewe, kwa shaba, kwa herufi kubwa, kwa fedha za umma, wakawauliza watawala: mbona hamjalipa? Mwaka 1837 picha yake ikatokea mbele ya chapisho jingine la harakati hizo. Kuanzia 1839, huko Boston, Maria Weston Chapman na wenzake wakawa wanatoa kitabu cha kila mwaka chenye jina la kengele hiyo, kilichouzwa katika maonyesho ya kuchangisha fedha za harakati. Kiliendelea kutoka, ukiacha miaka michache, hadi 1858. Wengi wa wasomaji hao hawakuwahi kukanyaga Philadelphia wala kusikia mlio wake. Kwao kengele ilikuwa maandishi kwanza, chuma baadaye.

Na kwa bahati ambayo mtunzi wa riwaya angeonea haya kuitumia, ni katika miaka hiyo hiyo kengele ilinyamaza. Tarehe kamili ya ufa wake ina ubishi. Wapo wanaosema ilipasuka 1835 ikipigwa kwa msiba wa Jaji Mkuu John Marshall, lakini masimulizi hayo yalijitokeza baadaye sana. Kilicho wazi ni kwamba ilikuwa na ufa mwembamba kabla ya Februari 1846. Mafundi wakaukereza na kuutanua ili kingo zake zisigusane na kutetemeshana, mbinu ya kawaida ya wakati huo, kisha kengele ikapigwa siku ya kuzaliwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Ililia kwa saa kadhaa, halafu ufa wa pili ukapanda kutoka pale ulipokomea wa kwanza, ukapita katikati ya maandishi. Haikupigwa tena kwa namna hiyo. Hivyo lile pengo pana ambalo watalii hulipiga picha wakidhani ndio ufa, hasa ni alama ya matengenezo. Ufa uliomaliza kazi ni ule mwembamba unaoelekea juu, ambao wengi hawauoni.

Lippard alitunga hadithi ya mzee na kijana mwaka mmoja tu baadaye. Sidai kwamba alikusudia kuwanyang'anya wapinga utumwa kengele yao. Yeye aliandika hadithi za kusisimua, na hii ilisisimua. Lakini matokeo yalikuwa hayo. Hadithi yake iliihamisha kengele kutoka kwenye deni hadi kwenye sherehe. Kwa wapinga utumwa ilikuwa inauliza swali la sasa; kwa Lippard ilikuwa imekwisha kujibu mwaka 1776. Vitabu vya shule vikachukua la pili, kwa sababu linafundishika bila kumuudhi mtu.

Mahakama ya ghorofani

Jambo lililofuata halitajwi sana. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kuwakamata watumwa watoro. Mtoro aliyefika jimbo lisilo na utumwa angeweza kukamatwa na kurudishwa kwa uamuzi wa kamishna mmoja, bila wazee wa baraza na bila yeye mwenyewe kuruhusiwa kutoa ushahidi. Philadelphia, kwa kuwa karibu sana na Maryland na Delaware zenye utumwa, ilikuwa mlango wa watoro. Na ofisi ya serikali kuu iliyoshughulikia kesi hizo ilipanga vyumba katika ghorofa ya pili ya jumba lile lile la Azimio la Uhuru.

Desemba 1850 Mmarekani mweusi mmoja, Adam Gibson, alikamatwa mjini na kupelekwa mbele ya kamishna Edward Ingraham. Mashahidi walidai kwamba yeye ni Emery Rice, mtumwa wa bwana mmoja wa Maryland aitwaye Knight. Ingraham akaamuru akabidhiwe. Alipofikishwa Maryland, Knight alimtazama na kusema huyu siye. Gibson akarudi nyumbani. Aliokolewa na ukweli wa mtu aliyekuwa akitafuta mtumwa wake, si na sheria, wala na jumba, wala na kengele iliyokuwa mnarani juu yake.

Mwaka uliofuata mambo yakawa makubwa zaidi. Tarehe 11 Septemba 1851, huko Christiana, Pennsylvania, Edward Gorsuch kutoka Maryland alifika na kundi lake kuwakamata watoro wake. William Parker, mwenyewe aliyewahi kuutoroka utumwa, na majirani zake walikataa kuwatoa. Mapambano yakazuka, Gorsuch akauawa, Parker akavuka hadi Kanada. Serikali ikawafungulia watu 38 mashtaka ya uhaini, wengi wao weusi, kwa hoja kwamba kuzuia utekelezaji wa sheria ya watoro ni kupigana vita na Marekani. Wa kwanza kusimama kizimbani, mzungu aliyeitwa Castner Hanway, alisikilizwa kesi yake ghorofa ya pili ya jumba hilo mwishoni mwa mwaka. Miongoni mwa mawakili wake alikuwamo Thaddeus Stevens, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wabunge wakali kabisa dhidi ya utumwa. Wazee wa baraza waliamua kwa dakika zipatazo 15 kwamba hana hatia, na kesi za wengine zikasambaratika.

Mwaka 1852, wakati ofisi ile ikiwa bado ghorofani, mji uliishusha kengele kutoka mnarani na kuiweka chini, katika chumba kilichosainiwa Azimio, ili watu waje waitazame. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambacho mgeni aliweza kuingia mlango mmoja, upande huu akisoma "watu wote wakaao humo", huku juu ya dari ikisikilizwa kesi ya kuamua kama mtu fulani ni mtu au ni mali.

Safari za upatanisho, na waliogoma kupatana

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865. Aprili mwaka huo jeneza la Abraham Lincoln lililazwa katika chumba kile, kengele ikiwa kichwani pake, na maelfu wakapita kutoa heshima. Kwa muda mfupi kengele na ukombozi wa watumwa vilisimama mahali pamoja.

Haikudumu. Kuanzia 1885 kengele ilipakiwa kwenye treni na kuzungushwa nchini kwenda kwenye maonyesho na sherehe: New Orleans, Chicago, Atlanta, Charleston, Boston, St. Louis, na mwisho San Francisco mwaka 1915. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuunganisha kaskazini na kusini. Katika safari ya kwanza treni ilisimama Biloxi, Mississippi, na aliyekuja kuilaki na kuihutubia alikuwa Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Alisema maneno mazuri. Huo ndio upatanisho uliokusudiwa: wazungu wa pande mbili wanashikana mikono mbele ya kengele, na swali la mwaka 1835 linawekwa kabatini. Miaka hiyo hiyo majimbo ya kusini yalikuwa yakiwanyang'anya weusi kura, moja baada ya jingine.

Kengele yenyewe iliumia pia. Watafuta kumbukumbu waliinyofoa vipande vidogo njiani, na ufa ukaonekana kurefuka. Baada ya 1915 mji ukakataa kuisafirisha tena, uamuzi wa busara ambao ungestahili kufikiwa mapema.

Lakini wapo waliokataa kuiachia iwe pambo. Mwaka huo huo wa 1915 Katharine Wentworth Ruschenberger, mpigania kura za wanawake wa Pennsylvania, alisubisha nakala yake kwa fedha zake, akaongeza maneno ya kudai haki, kisha akaufunga ulimi wake kwa mnyororo. Ilizungushwa jimboni ikiwa bubu, kwa ahadi kwamba haitalia hadi wanawake wapate kura. Marekebisho ya katiba yalipopita, ulimi ukafunguliwa, na tarehe 25 Septemba 1920 ikapigwa Philadelphia. Kwangu hii ndiyo nakala bora kuliko zote, na zipo nyingi. Mwaka 1950 pekee zilitengenezwa zaidi ya 50 huko Ufaransa kwa ajili ya majimbo ya Marekani. Ruschenberger aliielewa kengele kama walivyoielewa wapinga utumwa: kitu cha kudai nacho.

Mwingine alikuwa Richard R. Wright, aliyezaliwa mtumwa Georgia, akawa mwalimu, kisha mwenye benki Philadelphia. Akiwa mzee alianzisha kampeni ya kutaka tarehe 1 Februari, siku ambayo Lincoln alitia sahihi azimio la marekebisho ya kufuta utumwa, iwe Siku ya Uhuru ya taifa. Mwaka 1942 yeye na wenzake waliweka shada la maua mbele ya kengele siku hiyo. Alifariki 1947, na mwaka uliofuata Rais Truman akatia sahihi sheria ya kuitambua. Hatua hiyo ya shada haikuwa mapambo. Kulikuwa tayari na tarehe 4 Julai. Wright alikuwa akisema kwamba uhuru wa watu wake una tarehe nyingine, na kwamba kengele ni ya tarehe hiyo pia.

Nyumba iliyokuwa mlangoni

Oktoba 2003 kengele ilihamishiwa jengo lake la sasa, ng'ambo ya barabara kutoka jumba la zamani. Ujenzi ulipokuwa ukiendelea, ilibainika hadharani kwamba jengo hilo linapakana na kiwanja cha nyumba aliyoishi Rais George Washington wakati Philadelphia ilipokuwa mji mkuu, miaka ya 1790. Humo aliweka watumwa tisa. Pennsylvania ilikuwa imepitisha sheria ya kufuta utumwa polepole mwaka 1780, na mtumwa wa mtu wa jimbo jingine aliyekaa humo miezi sita mfululizo angeweza kudai uhuru. Washington aliwazungusha watu wake nje ya jimbo kabla miezi hiyo haijatimia, na akaelekeza ifanywe bila kelele.

Mmoja wao, Ona Judge, mtumishi wa mkewe Martha, aliondoka Mei 1796 wakati familia ikila chakula cha jioni. Alisaidiwa na weusi huru wa mjini, akapanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha kwa hila na kwa ushawishi, ikashindikana. Alifariki 1848 na kisheria alikuwa bado mali ya urithi wa ukoo wa mume wa kwanza wa Martha.

Mpango wa awali wa wasimamizi wa hifadhi ya taifa inayoitunza kengele haukuwa na nafasi ya habari hizi. Wanahistoria na wakazi weusi wa Philadelphia waliandamana, wakaandika, wakasukuma kwa miaka. Mwaka 2007 kiwanja kilichimbwa, na misingi ya jiko na njia ya watumishi ikapatikana. Watu walifika kila siku kuwatazama wachimbaji, na fikra ya kufukia na kuendelea ikaachwa. Desemba 2010 eneo likafunguliwa kama maonyesho ya wazi, misingi ikionekana chini ya kioo na majina ya wale tisa yamechongwa ukutani: Austin, Paris, Hercules, Christopher Sheels, Richmond, Giles, Oney Judge (ndiye Ona), Moll na Joe. Liko hatua chache kabla ya mlango wa kengele, upande ambao foleni ya wageni hupita.